Mkate wa Uzi Mwekundu

Ilipofika saa tano asubuhi ya Jumatano kabla ya Pasaka, Bobbie Zelenak alikuwa ameshazunguka chumba cha dawa mara sita, na mfamasia, Bwana Whitcomb, alikuwa ameanza kumtazama kwa kero. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama banda la kuku. Mtu mwingine angeketi kwenye kile kigoda na kusoma karatasi kwa utulivu, lakini Bobbie hakuumbwa hivyo. Miaka kumi na tisa ya kuwachunguza wauguzi kwa niaba ya Bodi ya jimbo haikuwahi kumfundisha kukaa kitako, na leo hata angefundishwa asingeweza.

Mwanasheria wa Bodi alikuwa amempigia simu akiwa bado njiani, wipa zikihangaika na theluji ya majimaji. Alitaka neno moja tu kabla ya saa kumi na moja jioni. Akilipata, leseni ya Treva Sizemore ingesimamishwa leo leo. Asipolipata, ofisi zilikuwa zinafungwa kwa sikukuu, na mwanamke huyo angeendelea kuhudumia wagonjwa hadi Jumanne. Mwanasheria hakuficha kwamba kwake yeye mambo yalikuwa yameshaiva.

Na kwa kweli yalionekana yameiva. Treva Sizemore, muuguzi wa wodi ya upasuaji katika hospitali ya Mtakatifu Ludmila, alikuwa kwenye uangalizi. Miaka miwili iliyopita, katika hospitali nyingine, alijidunga dawa za maumivu za wagonjwa, akakamatwa, akatibiwa, akarudishiwa leseni kwa masharti. Kila asubuhi aliangalia simu yake kujua kama namba yake imeteuliwa, na ikiteuliwa alikwenda kutoa mkojo wa kupimwa siku hiyo hiyo. Kabati la dawa kali lilifunguliwa kwa alama ya kidole, na chake hakikulifungua. Mgonjwa wake akihitaji sindano ya maumivu, muuguzi mwingine ndiye aliyeitoa na kumdunga. Na kila mwezi kiongozi wa zamu, Paulette Hudak, aliandika ripoti juu yake. Mtu wa namna hiyo akiteleza mara ya pili, leseni hairudi.

"Sindano kumi na moja zenye shaka," Whitcomb alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Wiki tatu. Zote za haidromofoni, ile dawa kali ya maumivu, zote za wagonjwa wa Sizemore."

"Na kidole kilichofungua kabati?"

"Cha Paulette, mara zote kumi na moja. Lakini hilo ameshalieleza."

Bobbie alikuwa na maelezo hayo kwenye faili. Paulette aliandika kwamba wodi ilipochemka, mara kadhaa alimwachia Treva sindano mkononi akamalizie mwenyewe, jambo lililokatazwa. Huruma yangu ndiyo imeniponza, aliandika. Kisha mzee mmoja wa chumba cha kumi na nne, Stanko, fundi wa zamani wa kiwanda cha chuma, alilalamika kwamba anadungwa maji. Whitcomb alilichukulia kama masihara, mpaka alipoikamata sindano moja na kuipima. Ilikuwa na maji ya chumvi.

"Halafu majibu ya mkojo yakaja jana," Whitcomb aliendelea. "Mofini. Unataka nini tena?"

Bobbie alisimama. Aliinua karatasi ya maabara, akaisoma tena kana kwamba ilikuwa imeandikwa upya.

"Kabati lako limepungukiwa na mofini?"

"Hapana. Mofini yote ipo."

"Wamepima haidromofoni?"

Whitcomb akavaa miwani. Maabara ilipima kila kitu kivyake, na kwenye mstari wa haidromofoni iliandikwa kwamba haikuonekana. Alikohoa, akasema labda Sizemore anaiuza hiyo na kutumia nyingine ya mtaani. Bobbie alisema labda. Lakini mwizi wa wodini huiba anachotumia na hutumia anachoiba, na kilichokuwa mwilini mwa mwanamke huyu hakikuwa kilichotoka kabatini. Jambo hilo lilimkera kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Kulikuwa na karatasi nyingine ambayo hadi hapo hakuipa uzito. Kipimo hicho hakikutokana na kuteuliwa kwa namba. Msimamizi wake ndiye aliyekiomba. Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, Paulette aliwapigia simu watu wa uangalizi akasema Treva anasinzia kazini, apimwe. Aliomba iwe kesho yake asubuhi kwa kuwa siku hiyo wodi ilikuwa na upungufu wa watu.

Alimkuta Paulette kwenye meza ya wauguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukaribisha, sweta la bluu mwilini ingawa wodi ilikuwa na joto la kuumua unga. Kabla Bobbie hajamaliza kujitambulisha, mwenzake alishaanza kumchambua ukoo.

"Zelenak wa wapi? Wale wa bucha ya Mtaa wa Powers?"

"Baba mdogo."

"Basi wewe ni wa kwetu kabisa." Paulette alimshika mkono, akashusha sauti. "Unajua, mimi nampenda sana yule msichana. Nimemlea hapa kama mdogo wangu. Inaniuma mpaka sili."

Bobbie alisema anaelewa, akaomba chumba cha mazungumzo.

Treva Sizemore aliingia kwenye chumba cha familia za wagonjwa akiwa amekunja mikono yake kifuani. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mwembamba, mwenye lafudhi ya milima ya Kentucky ambayo miaka kumi ya kuishi hapa kwenye bonde la viwanda vya chuma haikuiondoa. Alipoikunjua mikono, Bobbie aliona ngozi imepasuka mpaka kwenye vifundo.

"Ile dawa ya kusafishia mikono ina kilevi, mama," Treva alieleza. "Inaweza kuonekana kwenye mkojo. Kwa hiyo natumia sabuni na maji. Mara themanini kwa siku."

Bobbie alimwuliza moja kwa moja kama alitumia mofini. Treva alisema hapana. Alimwuliza kama alikuwa akidunga sindano alizoachiwa na Paulette. Akasema hajawahi kuachiwa sindano hata mara moja, na kwamba kama ingetolewa angekimbia. Alisema hayo bila kupandisha sauti, kama mtu aliyeshazoea kutoaminiwa. Kila baada ya dakika aliangalia simu iliyokuwa mezani.

"Unangoja mtu?"

"Nimeteuliwa leo. Kituo kinafunga saa kumi na moja na nusu. Nisipofika inahesabika nimetumia."

"Hata leo?"

"Hata kama nyumba inaungua, mama."

Bobbie alikuwa ameshainuka na kwenda dirishani. Chini, gari lake lilikuwa limeegeshwa mahali pa magari ya wagonjwa na mlinzi alikuwa akilizunguka. Akamwambia Treva ataje kila alichokula Alhamisi. Alitegemea jibu la kubabaisha. Badala yake Treva alitoa daftari dogo mfukoni, akafungua ukurasa, akasoma. Uji wa shayiri saa kumi na moja alfajiri. Kahawa. Sandwichi ya jibini. Saa tisa alasiri, chumba cha mapumziko, vipande vitatu vya mkate mtamu wa Paulette.

"Mkate gani?"

"Wa Pasaka. Ule wa kuviringishwa. Nilimwuliza kama una mbegu za mpopi, maana kwenye mkataba wangu zimekatazwa. Ukizila, mkojo unaonyesha mofini." Treva alimtazama usoni, akaona swali linakokwenda. "Nilikagua, mama. Najua zinavyokuwa. Vidoti vyeusi juu ya ganda. Hapakuwa na kidoti hata kimoja."

"Ndani ulikuwaje?"

"Mweusi. Paulette alisema ni plamu zilizokaushwa."

"Ulinata kwenye meno?"

"Hapana. Ulikuwa na chengachenga. Kama machicha ya kahawa, lakini matamu."

Bobbie aliketi, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bibi yake alikuwa na kinu cha chuma kilichofungwa kwenye ukingo wa meza, na kila Juma Kuu Bobbie ndiye aliyekizungusha, mbegu za mpopi zikitoka zimekuwa unga mweusi wenye mafuta, tayari kupikwa na maziwa na asali. Mtoto yeyote wa bonde hili angeijua ladha ile hata akifumbwa macho. Mtu wa Kentucky, aliyefundishwa kuogopa vidoti juu ya ganda, angekula mkate mzima na kuomba mwingine.

Alilifunga faili, kisha akalifungua tena. Palikuwa na jambo lingine kwenye daftari lile. Kurasa za nyuma zilikuwa na vyumba, tarehe, na namba mbili mbili.

"Hizi ni nini?"

Treva alilivuta daftari karibu. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Maumivu ya wagonjwa wangu, kati ya sifuri na kumi. Kabla ya sindano na nusu saa baadaye." Alisogeza kidole. "Akidunga mtu mwingine yeyote, nane inashuka hadi tatu. Akidunga Paulette, nane inabaki nane."

"Umeyajua haya tangu lini?"

"Wiki ya kwanza. Sweta kwenye joto hili, la kuficha mikono. Kujitolea kutoa sindano za kila mtu. Choo cha ghorofa ya chini wakati kuna choo hapa." Alilifunga daftari. "Mimi nilifanya hivyo hivyo, mama. Nikimtazama ni kama najitazama."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani? Yeye ndiye anayeandika ripoti yangu. Neno lake moja na mimi nimekwisha. Ningesema, mngemwamini nani?"

Jibu lilikuwa wazi, na lilimwaibisha Bobbie. Alikuwa amekuja na nusu ya barua ya kusimamisha leseni ikiwa imeshaandikwa.

Chumba cha mapumziko kilikuwa na friji moja la zamani lililonguruma kama trekta. Kwenye mlango wake palibandikwa onyo kwamba kila Ijumaa chakula kisicho na jina hutupwa. Bobbie alifungua sehemu ya kugandishia bila matumaini makubwa. Mtu mwenye akili, akishamlisha mwenzake kitu cha kumwangamiza, hutupa mabaki.

Lakini Paulette alikuwa mtu wa bondeni, na mkate wa Pasaka, unaookwa na kina mama wa kanisa, hautupwi. Wazee wa bondeni wangetupa saa ya dhahabu kabla ya kutupa kipande cha mkate wa Pasaka. Hugandishwa, na hata mwezi wa nane mtu huutoa akaula na chai. Nyuma ya barafu na keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu, Bobbie alikuta robo tatu ya mkate iliyofungwa kwenye karatasi ya foili, na juu yake, kwa kuogopa Ijumaa, plasta nyeupe ya hospitalini iliyoandikwa kwa herufi kubwa HUDAK. Foili ilikuwa imefungwa kwa uzi ule ule ambao mkate ulitoka nao kanisani. Uzi mwekundu.

Aliutoa, akaufungia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa na jina lake. Alikwenda mpaka mwisho wa korido akarudi, akaenda tena akarudi, mpaka muuguzi mmoja akamwuliza kama amepotea. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Paulette aliingia akiwa na vikombe viwili vya kahawa. Alimwekea Bobbie kimoja, akaketi, akapumua kwa uchovu wa mtu mwema.

"Maskini Treva amesema?"

"Amesema mengi. Hebu niambie kuhusu mkate wa Alhamisi."

Paulette alicheka kidogo. Alisema ni desturi yake kuleta mkate kila Pasaka, ule wa jozi, kokwa zilizosagwa na sukari, na kwamba wodi nzima ingemshtaki asipoleta.

"Jozi ni rangi ya kahawia," Bobbie alisema. "Treva anasema ulikuwa mweusi."

"Basi ulikuwa wa plamu. Nilileta aina mbili, nachanganya."

"Kina mama wa kanisa lako hawaoki wa plamu. Hawajawahi. Wanaoka wa jozi na kuufunga kwa uzi mweupe. Wanaoka na mwingine, wa mpopi, na huo huufunga kwa uzi mwekundu."

Akauweka ule mfuko mezani. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka na maji yalitambaa ndani ya nailoni. Paulette aliutazama ule uzi mwekundu, kisha plasta yenye jina lake, na uso wake mwema ukabaki pale pale kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Nilikosea mkate," alisema hatimaye. "Haraka ya kazi. Sio kosa la jinai kukosea mkate."

"Sio kosa. Ila umetia sahihi mkataba wa Treva kama msimamizi, mstari kwa mstari. Mstari wa saba ni mbegu za mpopi." Bobbie alitoa karatasi ya pili. "Na hii nayo sio kosa, kumwombea mtu kipimo. Uliomba Alhamisi saa tano asubuhi, ukasema apimwe kesho. Umemlisha saa tisa alasiri. Ningekuelewa kama ungempa mkate, ukamwona anasinzia, ukaogopa, ukapiga simu. Wewe umepiga simu kwanza."

Nje, kengele ya chumba fulani ililia, ikanyamazishwa.

"Tatizo ulilokutana nalo ni kwamba mpopi hutoa mofini," Bobbie alimalizia. "Wewe unachukua haidromofoni. Vua sweta, Paulette."

Hakulivua. Alishika mikono ya lile sweta kwa vidole vyake kama mtoto anayesikia baridi, akaanza kulia bila sauti. Maneno yalitoka vipande vipande. Mgongo aliopasuliwa miaka mitatu iliyopita. Vidonge vilivyokatwa ghafla. Kabati lililokuwa pale pale, na mwenzake ambaye sindano za wagonjwa wake zilipita mikononi mwa Paulette kila siku. Mzee Stanko alipolalamika, Paulette alijua atatafutwa mtu, na mtu mwenye historia alikuwa meza ya pili. Alimtoa kafara. Alisema neno hilo mwenyewe.

Mlango uligongwa ukafunguka kabla hawajaitikia. Alikuwa Treva.

"Samahani, mama. Mzee Stanko yuko tisa kwa kumi. Nahitaji mtu wa ku..."

Akaona mkate. Akaona uso wa Paulette. Hakuna aliyemweleza, na hakuhitaji. Alishika fremu ya mlango kwa mkono wake uliopasuka, na hasira iliyompanda ilikuwa kubwa mpaka Bobbie akasogea katikati yao bila kufikiri.

"Ulinikatia kipande cha tatu," Treva alisema. "Nilikataa, ukasema kula, umekonda. Nikala nikakushukuru."

Paulette hakuinua kichwa. Treva alipumua mara kadhaa, taratibu, kwa kuhesabu, kama alivyofundishwa kwenye mikutano ya jioni ya watu wanaoacha dawa.

"Saa ngapi, mama?" akamwuliza Bobbie.

"Kumi kasoro dakika tano."

"Akijiripoti mwenyewe kabla hujaandika, inahesabika?"

Bobbie alifikiri kumdanganya, akaacha. "Inahesabika. Kidole chake hakitafungua kabati tena kuanzia sasa hivi, na polisi watakuja wakija. Kile alichokufanyia wewe ni faili lingine, na hilo silifungi. Lakini anayejiripoti hupata kitanda cha matibabu. Anayeripotiwa hupata barua."

"Unaandika lini?"

"Saa kumi na moja napiga simu."

Treva alichomoa kadi iliyochakaa kutoka nyuma ya kitambulisho chake cha shingoni, akaiweka mezani juu ya kahawa iliyomwagika kidogo.

"Namba ya watu wa uangalizi hiyo. Wataanza kukuuliza jina. Mimi nilikata simu mara mbili hapo hapo. Usikate."

"Kwa nini unanisaidia?" Paulette aliuliza, sauti imepwaya.

"Sikusaidii wala sijakusamehe. Yule mzee amelala na maumivu yake siku tisa, na wewe ulikuwa unamtazama machoni. Piga."

Akatoka. Bobbie alimfuata mpaka kwenye korido, akiacha mlango wazi kidogo ili amwone aliyebaki. Treva alikwenda wodi ya jirani akarudi na muuguzi mwenye kidole kinachofungua kabati, wakaingia chumba cha kumi na nne, na Treva akasimama mahali ambapo aliweza kuona sindano ikiingia mpaka mwisho. Baada ya nusu saa alitoka akiandika kwenye daftari. Bobbie alichungulia. Tisa, kisha mbili.

"Nitamwambia mwanasheria jina lako lifutwe kwenye shauri hili," alisema. "Majibu ya mkojo nitayaandikia maelezo leo. Umesafishika."

Treva aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu. Alikuwa ameshashika koti.

"Nisipoondoka sasa nitakuta wamefunga."

"Hata baada ya haya yote?"

"Nimebakiza miezi kumi na tisa ya uangalizi, mama," Treva alisema, akabonyeza lifti, na kwa kuwa ilichelewa akashuka kwa ngazi.

Bobbie alibaki amesimama kwenye korido, simu mkononi, saa ya ukutani ikionyesha kumi na nusu na dakika saba. Nyuma ya mlango ulioachwa wazi, Paulette alikuwa anaongea na mtu. Alinyamaza muda mrefu mpaka Bobbie akadhani amekata. Kisha akaanza kutaja jina lake, herufi moja moja, polepole.